Kutoa upepo kwenye mfumo wa kupozea injini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye magari huyarudia gerejini baada ya kubadilishiwa rejeta, pampu ya maji au mpira uliopasuka, kisha gari likaendelea kuchemsha. Majibu yanalenga zaidi magari madogo ya petroli yanayotumika kwa wingi Tanzania na Kenya. Pale ambapo aina fulani ya gari ina utaratibu wake, imetajwa.

## Mambo ya msingi

Upepo kwenye rejeta unasababishaje gari kuchemsha?

Mfumo wa kupozea umeundwa ujae kimiminika pasipo nafasi ya hewa, isipokuwa ile inayoachwa kwa makusudi juu ya kopo la akiba. Pampu huisukuma kulanti, yaani kimiminika hicho cha kupozea, kupitia njia zilizoizunguka silinda na silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda), kulanti hubeba joto hadi kwenye rejeta, na huko joto huondolewa na feni pamoja na mwendo wa gari. Fundo la hewa likikaa katikati ya njia hiyo, mzunguko hupungua au husimama kabisa, kwa sababu pampu imetengenezwa kusukuma maji na ikikutana na hewa huzunguka bure.

Madhara hayaishii hapo. Themostati, yaani vali inayofungulia kulanti njia ya kwenda kwenye rejeta, hufunguka inapoguswa na kulanti yenye joto, na kwa magari mengi ya Kijapani kiwango hicho ni karibu nyuzi 82 hadi 88. Ikizungukwa na hewa badala ya kulanti, huchelewa kufunguka wakati injini tayari inaungua. Sehemu ya silinda hedi iliyo karibu na vali za ekzosi, ambayo ndiyo yenye joto kali kuliko zote, ikikosa kulanti hata kwa dakika chache inaweza kupinda na kuharibu gasketi, yaani kizibo chembamba kati ya silinda hedi na bloku ya injini.

Kama mfumo umefungwa, upepo unaingilia wapi?

Mara nyingi huingia siku ya matengenezo. Kulanti inapomwagwa, nafasi yake huchukuliwa na hewa, na anayejaza kwa haraka huifungia hewa hiyo ndani. Njia ya pili ni uvujaji mdogo kwenye mpira, klipu iliyolegea, au sili ya pampu: injini ikiwa na joto kulanti hutoka hapo, na ikipoa hewa hunyonywa kupitia tundu lilelile. Njia ya tatu ni kifuniko cha rejeta kilichochoka, au kimpira chembamba kinachoenda kwenye kopo la akiba kikiwa kimepasuka au ncha yake haigusi kulanti. Ya nne, na mbaya kuliko zote, ni gesi ya moto kutoka ndani ya silinda inayopenya gasketi ya silinda hedi.

Ni muhimu kulizingatia hili kabla ya kuendelea, kwa sababu kutoa upepo ni kazi ya kumalizia matengenezo na si matengenezo yenyewe. Gari ambalo halijafunguliwa rejeta kwa miezi kadhaa, kisha ghafla likawa na upepo, lina mahali panapouingiza, na kuutoa bila kupatafuta mahali hapo ni kujipa nafuu ya siku chache.

Nitajuaje kuwa tatizo ni upepo na si kitu kingine?

Dalili inayotambulisha zaidi ni mshale wa joto unaopanda na kushuka bila mpangilio, kwa mfano kupanda gari likiwa limesimama na kushuka ghafla unapokanyaga mafuta. Dalili nyingine ni sauti ya maji kububujika nyuma ya dashibodi unapowasha gari, hita inayotoa hewa baridi wakati injini ina joto, na mpira wa chini wa rejeta kubaki baridi huku wa juu ukiwa haushikiki. Kulanti kushuka siku moja baada ya kujazwa, pasipo tone lolote chini ya gari, nayo ni dalili.

Dalili moja peke yake haitoshi. Mpira wa chini ulio baridi unaweza pia kumaanisha themostati iliyokwama au rejeta iliyoziba, na gari linalochemsha kwenye foleni tu, likawa sawa barabara kuu, kwa kawaida lina tatizo la feni.

Mshale wa joto uko chini, lakini mvuke unatoka. Inawezekanaje?

Sensa ya joto hupima kile kinachoigusa. Ikikaa ndani ya fundo la hewa, inaweza kusoma kiwango cha chini, na kompyuta ya gari isiwashe feni kwa sababu haijapata taarifa. Hali hii hutokea pia kulanti inapomwagika yote. Ukisikia harufu tamu ya kulanti au kuona mvuke, zima injini hata kama mshale umelala.

## Kutoa upepo mwenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Kulanti ya kutosha, faneli, chombo chenye alama za lita, kitambaa kinene na muda wa saa moja au zaidi. Faneli inayobana vizuri kwenye mdomo wa rejeta ni bora, kwa sababu kulanti inasimama juu kuliko injini na mapovu yanapata njia ya kupandia bila kumwaga chochote chini.

Hatua zenyewe ni zipi?

Anza injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na joto, kwa sababu kulanti iliyoko ndani inaweza kuwa na joto zaidi ya nyuzi 100 na bado haijachemka kutokana na mgandamizo. Ukifungua, mgandamizo unaondoka na kulanti inalipuka kuelekea usoni. Kungoja kwa saa mbili ni usumbufu mdogo ukilinganisha na kuungua.

Liegeshe gari pua ikiwa juu, vuta breki ya mkono na uweke vizuizi nyuma ya magurudumu. Geuza kitufe cha hita hadi kwenye joto la juu kabisa, feni ya ndani iwe kwenye kasi ndogo, na kiyoyozi kizimwe. Ikiwa gari lina skrubu ya kutolea upepo, ilegeze sasa. Jaza kulanti polepole, kidogo kidogo, ukisubiri mapovu yatoke kabla ya kuongeza. Huku ukijaza, minya mpira wa juu na wa chini mara kadhaa. Utasikia kulanti ikigugumia na kuona kiwango kikishuka kwa ghafla, kana kwamba kuna aliyeimeza. Kila kishindo kama hicho ni hewa iliyotoka.

Kulanti ikifika mdomoni na kutulia, washa injini kifuniko kikiwa wazi. Dakika za mwanzo hakuna kikubwa kitakachoonekana, kwa kuwa themostati bado imefungwa. Themostati inapofunguka, kiwango hushuka na mapovu makubwa huanza kutoka. Hapo ongeza kulanti na uendelee kuminya mipira kwa kutumia kitambaa, mikono yako ikiwa mbali na feni, ambayo inaweza kuwaka bila taarifa. Pandisha injini hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, ishikilie kwa sekunde 30 hivi, kisha iachie. Rudia. Ukiachia, kiwango kinaweza kupanda na kufurika, kwa hiyo usijaze hadi ukingoni wakati unakanyaga.

Endelea hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili na mapovu yawe yamekwisha. Funga kifuniko, jaza kopo la akiba hadi kati ya alama ya chini na ya juu, uzime injini na uiache ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Asubuhi fungua kifuniko tena: ikiwa rejeta imejaa hadi mdomoni, kazi imekwisha, na ikiwa imepungua, ongeza. Kupungua kidogo asubuhi ya kwanza ni jambo la kawaida; kupungua kila asubuhi si jambo la kawaida.

Kwa nini niwashe hita wakati Dar es Salaam hakuna anayeihitaji?

Hita ni rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, na kwa magari mengi ndipo mahali pa juu ambapo hewa hupenda kujificha. Katika baadhi ya magari kuna vali inayofunga njia ya kulanti kwenda huko pale kitufe kinapokuwa kwenye baridi, na hewa iliyo upande wa pili wa vali hiyo haitatoka hata ukinguruma siku nzima. Hita pia ni kipimo cha bure: ikianza kutoa joto lisilokatika wakati injini haijakanyagwa, kulanti imefika.

Ni lazima gari linyanyuliwe mbele?

Si lazima kwa magari yote, lakini husaidia karibu yote. Hewa hupanda, hivyo lengo ni kuufanya mdomo wa kujazia uwe mahali pa juu kuliko pengine pote. Mteremko wa kawaida wa uwanjani au magurudumu ya mbele juu ya ngazi imara yanatosha. Usilisimamishe gari juu ya jeki peke yake huku injini ikinguruma.

Nitajuaje kuwa hewa imekwisha kweli?

Pima. Kulanti inapomwagwa, ikusanye na uone ni lita ngapi, kisha upime unachorudisha. Ikiwa zimetoka lita 4 na nusu, na zimeingia lita 3 tu mfumo ukaonekana umejaa, lita 1 na nusu ya hewa imebaki mahali fulani. Gari dogo la kisasa hubeba kati ya lita 4 na 6, na kitabu cha gari kinataja kiasi kamili. Ni ajabu jinsi hesabu hii nyepesi inavyorukwa gerejini, ilhali inamaliza ubishi wote kuhusu kama rejeta imejaa au haijajaa.

Skrubu ya kutolea upepo iko wapi?

Tafuta sehemu za juu: juu ya rejeta pembeni, kwenye nyumba ya themostati, au kwenye mpira wa juu. Magari mengi ya Toyota hayana skrubu hiyo na hutegemea kitundu chenye kijipini kwenye themostati (tazama swali linalofuata). Ikiwa ipo, hulegezwa injini ikiwa baridi, hujazwa hadi kulanti itoke mfululizo bila mapovu, kisha hukazwa. Nyingi ni za plastiki na hukatika kirahisi, hivyo kaza kwa vidole au kwa mguso mdogo wa bisibisi.

Themostati mpya ina kitundu kidogo chenye kijipini kinachocheza. Ni mbovu?

La. Hiyo ni vali ndogo inayoruhusu hewa ipite themostati ikiwa bado imefungwa. Iwekwe upande wa juu. Ikiwekwa chini, hewa inakwama nyuma ya themostati na injini inachemsha siku ya kwanza tu ya matengenezo, kosa ambalo linagharimu dakika moja kuliepuka.

Rejeta yangu haina kifuniko. Nafungua wapi?

Magari mengi ya Ulaya, na baadhi ya Kijapani, yana kopo lenye mgandamizo ambalo ndilo mahali pa kujazia. Kopo hilo ni sehemu ya mzunguko, na hewa hukusanyika humo na kubaki bila madhara. Hatua ni zilezile, ila unajaza hadi alama ya juu tu, si hadi mdomoni, kwa sababu kulanti inahitaji nafasi ya kutanuka.

## Kulanti, kifuniko na themostati

Je, ninaweza kutumia maji ya kawaida?

Kwa dharura, ndiyo. Kwa kudumu, hapana. Maji ya visima katika maeneo mengi ya pwani yana chumvi, ambayo hula aluminiamu na kuacha magamba kwenye njia nyembamba za rejeta. Kutu na magamba hayo ndiyo huharibu sili ya pampu, na sili ikiharibika hewa hupata mlango. Kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa huzuia kutu na pia huchelewa kuchemka kuliko maji matupu. Rangi si kipimo cha aina, kwa kuwa kila mtengenezaji huchagua rangi yake. Fuata maelezo ya kitabu cha gari.

Kulanti ya kawaida ni sumu na ina ladha tamu inayovutia watoto na wanyama. Usiimwage mtaroni wala kuiacha kwenye beseni uani.

Kifuniko kinahusikaje na upepo?

Kifuniko kina kazi mbili. Kwanza hushikilia mgandamizo, mara nyingi kati ya baa 0.9 na 1.1 kama ilivyoandikwa juu yake, na mgandamizo huo hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120. Pili, injini inapopoa, kivali kidogo cha katikati hufunguka ili kulanti irudi kutoka kwenye kopo la akiba. Kivali hicho kikikwama au mpira ukipasuka, hewa ndiyo inayorudi. Kopo ambalo kiwango chake hakibadiliki kamwe, injini ikiwa moto au baridi, linaonyesha kuwa mawasiliano hayo yamekatika. Badilisha kifuniko kwa chenye namba ileile. Chenye namba kubwa hakiponyi chochote na kinaweza kupasua mipira iliyozeeka.

Fundi anashauri tuitoe themostati kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Nikubali?

Usikubali. Hoja hiyo imeenea kwa sababu inaonekana kufanya kazi, na sababu yake ni upepo wenyewe. Themostati ikitolewa, kulanti huzunguka tangu dakika ya kwanza na hewa hutoka kwa urahisi zaidi, hivyo gari lililokuwa likichemsha kwa sababu ya hewa linapona na lawama inaangukia themostati isiyo na hatia. Baada ya hapo injini huenda ikakaa baridi barabara kuu, kompyuta ikaendelea kuongeza mafuta, na ulaji ukapanda. Katika baadhi ya injini themostati pia hufunga njia ya mkato. Isipokuwepo, sehemu ya kulanti huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha mlimani kuliko mwanzo.

## Barabarani

Gari limeanza kuchemsha kwenye foleni. Nifanye nini?

Zima kiyoyozi, washa hita kwenye joto la juu na feni ya juu, ufungue madirisha. Ni mateso, lakini inapunguza joto la injini wakati unatafuta pa kuegesha. Hita ikitoa hewa baridi, maana yake kulanti haipo au kuna hewa, na hapo usiendelee hata mita 100. Ukishaegesha, zima injini na ungoje. Usimwagie injini maji baridi, wala usiyatie ndani ikiwa bado na joto kali: silinda hedi inaweza kupinda au kupasuka.

Kwa nini tatizo linajitokeza zaidi kwenye milima kama Kitonga?

Injini hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, kwa hiyo joto ni jingi na hewa inayopita kwenye rejeta ni kidogo. Zaidi ya hapo, kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema: Nairobi au Iringa, maji yasiyo na mgandamizo huchemka karibu nyuzi 95. Mfumo wenye kifuniko kizima hauguswi sana na jambo hilo, lakini ule unaovuja mgandamizo hupoteza akiba yote aliyokuwa nayo dereva alipotoka pwani. Fundo dogo la hewa ambalo Dar es Salaam halikuonekana, Kitonga linaonekana.

## Hali ngumu

Nimetoa upepo kwa zaidi ya nusu saa na mapovu hayaishi. Kuna nini?

Angalia aina ya mapovu. Hewa iliyonaswa hutoka kwa mafundo makubwa yasiyo na mpangilio na hupungua. Gesi inayovuja kutoka kwenye silinda hutoka kama mapovu madogo mfululizo, huongezeka unapokanyaga mafuta, na haipungui. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu muda mfupi baada ya kuwasha injini iliyo baridi, kabla joto halijapata nafasi ya kujenga mgandamizo.

Thibitisha kabla ya kufungua injini. Kuna kipimo chenye dawa ya rangi ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Gesi ya moshi ikipita humo, dawa hugeuka kuwa ya manjano. Matokeo hayo yakipatikana, hakuna namna ya kutoa upepo itakayosaidia. Silinda hedi itolewe, ipimwe unyofu na gasketi ibadilishwe.

Njia ya hita ilikatwa kwa sababu ilivuja. Ina athari?

Ikiwa mipira miwili ya hita imeunganishwa pamoja, mzunguko unaendelea na athari ni ndogo. Ikiwa kila mpira umezibwa mwisho wake, hewa hukwama humo, na katika baadhi ya injini kulanti inayopita hita ndiyo inayoipasha themostati habari ya joto. Rekebisha hita, au angalau unganisha mipira.

Hiace na Noah zenye hita ya nyuma zinatofautianaje?

Mabomba yake ni marefu na hupita chini ya sakafu, kwa hiyo hewa iliyo nyuma inachelewa kutoka. Washa hita zote mbili, ongeza muda, na utegemee kurudia kujaza asubuhi ya pili.

Subaru je?

Injini yake imelala, na hewa hubaki kwenye silinda hedi. Nyingi zina kizibo kidogo juu ya rejeta pembeni kwa ajili ya kutolea hewa. Kujaza injini kwanza kupitia mpira wa juu uliochomolewa, kabla ya kujaza rejeta, hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Hapa haraka ndiyo adui.

Gari lenye pampu ya maji ya umeme linafanyiwaje?

Pampu haifuati mizunguko ya injini, hivyo kukanyaga mafuta hakusaidii. Katika BMW nyingi za aina hiyo, kazi hufanyika injini ikiwa imezimwa: swichi huwashwa, hita huwekwa kwenye joto la juu na feni kwenye kasi ndogo, kisha kanyagio la mafuta hukandamizwa hadi chini kwa sekunde 10, na pampu hujiendesha kwa takriban dakika 12. Betri iwe na chaji ya kutosha au iunganishwe na chaja, kwa sababu ikiishia katikati utaanza upya. Magari mengine huhitaji mashine ya kusomea kompyuta ili kuiamuru pampu.

Na gari la mseto, kama Prius?

Kwa kawaida lina mizunguko miwili: mmoja wa injini na mwingine wa inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri kwa ajili ya mota), kila mmoja ukiwa na kopo lake. Hewa kwenye mzunguko wa inveta haipandishi mshale wowote. Gari huwasha taa za onyo au hupunguza nguvu. Tambua kwanza ni mzunguko upi uliofunguliwa, na usiguse nyaya nene za rangi ya chungwa.

Kuna mashine inayoondoa kazi yote hii?

Ipo. Huunganishwa na kompresa ya gereji, hunyonya hewa yote kutoka kwenye mfumo mtupu, kisha kulanti huvutwa ndani na kujaza kila kona bila kuacha fundo. Faida yake kubwa kwa maoni yetu ni nyingine: kabla ya kujaza, fundi huiacha mipira ikiwa imenywea kwa dakika kadhaa na kuangalia geji. Sindano ikirudi nyuma, kuna tundu linalovuja, nalo hutafutwa kabla kulanti haijaingia. Kwa gari ambalo limeshatolewa upepo zaidi ya mara moja na likarudi kuchemsha, uliza gereji yenye mashine hiyo.